Vikonyo Sitini Nyuma ya Tangi

Jumanne, tarehe 14 Aprili 2071. Mvua iliyoanza Jumapili ilikatika alfajiri, ikaacha ukungu umelala juu ya migomba ya Kata ya Lukwilwa. Paa la ukumbi wa matunda lilionekana, kuta hazikuonekana. Baridi ilikuwa ya kuuma vidole.

Nilifika wa kwanza, kama kawaida yangu. Nilipanga sahani mia moja na kumi na mbili na kuweka pera moja juu ya kila sahani. Ilikuwa asubuhi ya tisini, yaani ya mwisho, na nilikuwa na furaha ya mtu anayejua kwamba leo wazembe wataumbuka.

Sitaficha. Niliwadharau. Niliwadharau kwa jinsi walivyoingia wakiburuta miguu, mikono imefichwa makwapani, wakitazama pera kama mtoto anavyotazama dawa ya minyoo.

"Mama Atu, pera tena?" fundi baiskeli aliuliza. Aliuliza hivyo kila asubuhi.

"Ulitaka nikukaangie kitimoto?"

"Ningeshukuru."

"Kaa chini. Damu yako ni nzito kuliko grisi unayopaka minyororo."

Watu walicheka, naye akakaa, bangili yake ya damu ikawaka nyekundu alipoipitisha juu ya sahani. Kila mtu wa kata alivaa bangili hiyo, na kila bangili ilionyesha tarakimu moja: kiasi cha lehemu, yale mafuta yanayosafiri ndani ya damu. Kijani ni mtu mwema. Njano ni mtu wa kuonywa. Nyekundu, watu walikuwa hawakai karibu nawe hata kanisani, kana kwamba mafuta yanaambukiza.

Mimi nilikuwa kijani. Nilikuwa pia shahidi wa ukumbi, mwenye muhuri. Muhuri huo niliupata nikiwa na miaka hamsini na moja, baada ya miaka sita ya darasa la jioni, nikitoka kuuza ndizi na kwenda moja kwa moja kukaa na vijana walioniita "bibi" mbele ya mwalimu. Nilipiga magoti kabla ya kila mtihani. Mungu alinisikia, nikawapita wote. Basi nilipomwona mtu ameshindwa kula tunda moja kwa siku, wakati mimi nilijifunza hesabu za desimali huku nimevimba miguu, sikuona kwa nini nimhurumie.

Mwalimu wetu wa jioni alitueleza jambo hili vizuri. Ini hutengeneza nyongo, na malighafi yake ni lehemu. Nyongo ikishamaliza kazi tumboni hurudi kwenye ini, itumike tena. Tunda lina ute. Ute huo hukamata nyongo njiani na kuondoka nayo chooni. Ini likiona nyongo haikurudi, hunyoosha mikono kwenye damu na kuchota lehemu ili litengeneze nyingine, na damu hubaki nyepesi. Matunda waliyokula babu zetu yalipunguza kidogo tu. Pera la kata, ambalo wataalamu walilizalisha hadi likawa na ute mara tisa, lilipunguza theluthi nzima kwa siku tisini.

"Lakini," mwalimu alisema, "yako maini yaliyozaliwa na mikono michache. Hayo, hata ukiyapa shamba zima la mapera, hayachoti. Watu hao ndio wa sindano."

Nililiandika hilo kwenye mtihani, nikapata alama zote. Kisha nikalisahau, kama mtu anavyosahau jina la mto aliokwisha kuuvuka.

Sheria ya kata ilitoka hapo. Kila mwenye nyekundu ale pera mbele ya shahidi kwa asubuhi tisini. Akila na damu isishuke, apewe sindano ya ini. Asipokula, asipewe, kwa kuwa sindano ni chache na hazitengenezwi kwa ajili ya wenye dhihaka. Gari la sindano lilipanda mlima wetu mara moja kwa mwaka, na siku yenyewe ilikuwa leo. Kikonyo cha kila pera kilikuwa na namba. Ukimaliza kula unakiacha kwenye sahani, nami napiga muhuri: amekula. Sahani ikiwa tupu bila kikonyo, napiga: hakula.

Jina lililokuwa na "hakula" nyingi kuliko yote lilikuwa la Tusekile, mwanamke wa miaka ishirini na saba, mwembamba, mwenye kusema taratibu. Siku thelathini za kwanza alikula, na damu yake haikusogea. Daktari Ipyana, kijana aliyeletwa na wilaya, alisema lazima alikuwa akienda kutapika. Kuanzia siku ya thelathini na moja aliacha hata kujifanya. Kila asubuhi, mimi nikisimama kuombea matunda, yeye alitoweka na pera lake, akarudi baadaye mikono mitupu. Mara hamsini na tisa nilifumbua macho nikakuta sahani yake tupu. Mara hamsini na tisa nilipiga muhuri nikisema moyoni: hata maombi anayakimbia.

Na maombi yangu hayakuwa mafupi. Nilimwomba Mungu awaondolee watu hawa ulafi, uvivu na uongo, nikivitaja kimoja kimoja, na nilihakikisha kila mtu amefumba macho. Mzee Mwakifuna, msimamizi wa ukumbi, aliyekaa mbele kwenye kiti cha mikono akiwatazama wote, aliyapenda sana. "Leo umewachapa," alikuwa akiniambia.

Asubuhi ile ya tisini sauti yangu ilikuwa imekauka kwa baridi. Nilipofungua mdomo ulitoka mkwaruzo.

"Pumzika, Mama Atu," Mzee Mwakifuna alisema. "Nitaomba mimi."

Alisimama, akafumba macho, akaanza. Aliomba vibaya, kama mtu anayetoa tangazo la mnada. Nami, niliyewakaripia wengine kwa kuchungulia, nilichungulia.

Nilimwona Tusekile akivuta khanga mpaka usoni. Alichukua pera. Hakuinuka wima, alijikunja, akapita nyuma ya benchi akiwa amempa mgongo mzee yule, karibu kutambaa, akatoka kwa mlango wa jikoni.

Nikasema, leo namkamata. Nilijua wanakijiji wenye nguruwe walivyopenda mapera ya kata. Nikatoka nyuma yake kwa ncha za vidole.

*

Nyuma ya ukumbi kuna tangi la maji. Tusekile alikuwa amesimama kati ya tangi na ukuta, matone ya paa yakimdondokea begani, anakula. Alikuwa akila kwa haraka, ganda na mbegu, mashavu yamejaa, kama mtu anayeogopa kunyang'anywa.

"Nguruwe wako wapi?" nilimuuliza.

Alishtuka, akaweka mkono mdomoni. Alimeza kwanza. "Nguruwe gani, mama?"

"Wanaokula mapera ya kata."

"Niko peke yangu, mama."

Aliinama, akaokota kopo la rangi lililokuwa chini ya bomba, akadondosha kikonyo ndani. Lilitoa sauti ya kitu kilichojaa. Nilimpokonya. Ndani kulikuwa na vikonyo vimekauka, vingine vimeota ukungu, kila kimoja na namba yake. Nilivimwaga juu ya kifuniko cha tangi nikavihesabu, kwa sababu nilitaka visitimie. Vilitimia. Sitini.

"Kwa nini hukusema?"

"Nilisema. Siku ile ya thelathini na moja. Nilikuomba nikale nje."

"Nami nikasemaje?"

Alitazama chini. "Ulisema hapa hapalishwi mabibi harusi."

Nilikumbuka. Watu walicheka sana siku ile, na nilifurahi walivyocheka.

"Ungetaja sababu."

"Ningeitajaje, mama? Ndiyo kwanza alikuwa ameletwa kusimamia. Alikuwa amekaa pale pale."

Hapo ndipo nilipoelewa, na ningependa kuandika kwamba nilielewa polepole, lakini haikuwa hivyo. Nilielewa mara moja, kwa sababu sikuwa mgeni. Mzee Mwakifuna ni baba mkwe wake. Kwetu, kwa koo zinazoshika mila, mkamwana hali chakula mbele ya baba mkwe. Hamtazami usoni, halitaji jina lake, hapiti mbele yake. Mama yangu mzazi, akisikia kikohozi cha babu njiani, aliingia kwenye migomba na mzigo kichwani akakaa humo hadi apite. Nililijua jambo hili kabla sijajua kusoma. Ila nilipopata cheti nililiweka pamoja na mambo ya watu wasiosoma, nikaona haliwezi tena kumtokea mtu.

Saa ya pekee ambayo macho ya mzee yalifumbwa ilikuwa saa ya maombi yangu. Kadiri nilivyoyarefusha, ndivyo alivyopata nafasi ya kutafuna.

"Maombi yako yalinisaidia sana, mama," alisema. Hakuwa ananidhihaki. Ingekuwa afadhali angenidhihaki.

Nilimtazama vizuri kwa mara ya kwanza katika siku tisini. Kwenye pembe za kope zake kulikuwa na mabaka ya manjano, mafuta yaliyojitokeza chini ya ngozi. Nilikuwa nimeyaona. Niliyaita mafuta ya ulafi.

"Nyoosha mguu."

Alinyoosha. Nyuma ya kifundo, kwenye mshipa mnene wa kisigino, kulikuwa na vinundu vigumu kama punje za mahindi. Ilikuwa kwenye ukurasa ule ule wa kitabu cha jioni. Ini lenye mikono michache.

"Nani mwingine kwenu ana hivi?"

"Baba alikuwa navyo. Alianguka akiwa na miaka thelathini na tisa. Kaka yangu thelathini na tatu, kwenye mashamba ya chai. Mimi nikipanda ile njia ya kisimani kifua kinabana, kama mtu amenikalia." Alifuta mdomo na khanga. "Mama, leo watanipa? Sina mwaka mwingine wa kungoja."

Ndani mzee alikuwa amefika kwenye amina. Tusekile alijikunja tena, akaingia. Nilibaki na kopo mikononi.

*

Kamati ilikaa saa nne katika chumba cha ofisi ya kata. Walikuwapo Daktari Ipyana, wajumbe wawili, na Mzee Mwakifuna kama msimamizi. Watu wengine walijaa madirishani, kwa kuwa kuumbuka kwa jirani ni burudani isiyopingika. Tusekile alikaa barazani nyuma ya mlango ulio wazi nusu, asionekane na mkwe wake.

Daktari aliteremsha majina kwa kidole. Aliposoma jina la Tusekile alitabasamu.

"Tisa nukta mbili siku ya kwanza, tisa nukta moja leo. Hakula mara hamsini na tisa. Huyu hata ukurasa sitampotezea. Sindano imwendee mwingine."

"Alikula," nilisema. Niliweka kopo mezani, nikamwaga vikonyo. Nikaeleza nilichokiona.

Daktari aligeuza kikonyo kimoja kwa kalamu yake, bila kukigusa. "Kikonyo nje ya sahani si ushahidi, Mama Atu. Pengine nguruwe wa nyumba ya mzee sasa wana damu safi kuliko ya diwani."

Madirisha yalicheka. Nami niliutoa mzaha kama huo asubuhi ile ile, nyuma ya tangi. Sasa ulinuka.

"Mtazame kope," nilisema. "Mshike kisigino. Hivi daktari huchunguza bangili au mtu?"

Aliona haya kidogo, akaficha haya hizo kwa kushusha sauti. "Sikiliza. Vinundu nimekuelewa. Lakini sheria inataka asubuhi tisini zenye ushahidi. Wewe ndiwe shahidi. Nikuulize swali moja, ujibu kwa neno moja. Ulimwona akila? Ukisema ulimwona, nitaandika kwamba muhuri ulikosea, gari lipo nje, tumemaliza. Ulimwona?"

Nilielewa anachonipa. Uongo mdogo, uliokunjwa vizuri, na Tusekile anapona leo, na muhuri unabaki shingoni mwangu. Ukweli ulikuwa na bei mbili: ningepoteza muhuri, na yeye huenda asipone. Nimesikia wahubiri wakisema njia ya haki huonekana waziwazi mtu akiomba. Niliomba pale pale, macho wazi, na sikuonyeshwa njia yoyote. Nilichoonyeshwa ni mimi mwenyewe, siku hamsini na tisa, nikiandika jambo nisiloliona juu ya jirani yangu na kulipiga muhuri. Na huyu kijana ananiomba niandike jingine nisiloliona, la sitini, ili mambo yakae sawa.

"Leo nilimwona," nilisema. "Siku nyingine zote sikumwona akila, wala sikumwona akiacha kula. Nilikuwa nimefumba macho."

"Siku hamsini na tisa?"

"Nilikuwa naomba."

Mtu dirishani alisema, "Tulimwambia afupishe," na kicheko kikapasuka mpaka wajumbe wakainamisha vichwa. Nilivua muhuri nikauweka juu ya vikonyo. Hakuna aliyeniomba nifikirie tena.

Daktari alipitisha kalamu juu ya karatasi ya sheria. "Basi siku hizo si 'hakula' tena. Ni siku tupu. Siku tupu hujazwa na mdhamini. Lazima awe mtu wa nyumba ya mgonjwa, mwenye haki ya sindano leo. Anasema mbele ya watu, sindano yake inawekwa kando mwaka mzima, mgonjwa anachomwa leo na anaendelea kula ukumbini mbele ya shahidi, na damu yake ikishuka ndipo mdhamini naye anapata. Mume wake?"

"Mume wake ni kijani," mjumbe mmoja alisema. "Hana sindano ya kuweka."

Katika nyumba ile mwenye sindano alikuwa mmoja tu, aliyemaliza asubuhi zake tisini duru iliyopita na damu isishuke. Sote tulimgeukia. Mzee Mwakifuna alikuwa akikuna mkongojo wake kwa ukucha.

"Mzee," nilisema, "ulijua?"

"Nilijua nini?"

"Kwamba anatoka kwa ajili yako."

Alinyanyua kidevu. "Nilijua. Baada ya amina nilikaa na macho yamefumbwa hadi nisikie benchi limelia, nijue amerudi. Msichana amelelewa. Sio kama hawa wanaokutafunia usoni." Alisema kwa fahari, kama mtu anayeonyesha ng'ombe wake.

"Na mimi nikipiga 'hakula' kila siku, ulisikia."

"Nilisikia."

"Ukanyamaza."

"Ulitaka nimtaje mkamwana wangu mbele ya halaiki? Mimi ni mtu wa heshima, Atupakisye."

"Heshima!" Sauti yangu iliyokauka ilipata nguvu sijui wapi. "Yeye amekula kwenye mvua siku sitini kwa ajili yako, amepokea matusi yangu siku sitini, hajakutaja. Na wewe umekaa kwenye kiti cha mikono ukiipokea heshima hiyo kama zawadi ya Krismasi. Mimi ni mjinga niliyesoma, nimekubali mbele ya watu. Wewe ni nini? Yeye akizikwa, utasimama wapi kaburini ili msionane?"

Mjumbe mmoja alisema, "Mama Atu, mzee huyo." Sikumwomba radhi.

Mzee Mwakifuna aliweka mkongojo katikati ya magoti. Kisha aliuliza, bila kumtazama mtu, "Mwaka mzima?"

"Mwaka mzima," daktari alijibu. "Na kwa damu yako, mzee, siwezi kukuahidi kwamba utaumaliza."

"Sikukuuliza hilo."

Nyuma ya mlango nilisikia Tusekile akisema kwa sauti ndogo, "Mama Atu, mwambie aache. Mwambie sitaki." Hata hapo hakumtaja. Sikupeleka ujumbe huo.

Mzee aliinuka kwa mkongojo. Nilidhani anatoka nje, na nilikuwa tayari kumdharau hadi mwisho wa maisha yangu. Lakini alienda hadi ukuta wa mbali, akatugeuzia mgongo sisi sote pamoja na mlango, paji la uso likikaribia kugusa chokaa, akasema kwa nguvu kiasi cha kusikika barazani:

"Mimi, Anyosisye Mwakifuna, nasema mbele yenu, na ninyi mlioko madirishani mnisikie vizuri maana mna midomo. Sikumwona akila. Haikunipasa kumwona. Lakini namdhamini Tusekile, mke wa mwanangu. Sindano apewe yeye leo, yangu iwekwe kando. Nikiufikia mwaka, nitakuja kuidai hapa kwa miguu yangu. Nisipoufikia, mtu yeyote asimwambie kwamba alinila. Na kesho duru mpya ikianza, mtakuta kiti changu kule ukumbini kimetazama ukuta, mwenye kula ale ndani, na kitatazama ukuta kila asubuhi hadi nife. Nimeahidi."